Mwenye Mtambo wa Tegeta

Mvua za 1992 zilikuwa haba, na za 1994 nazo hazikutosha. Bwawa la Mtera likashuka, mitambo ya Kidatu ikakosa maji ya kuizungusha, na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa umeme. Tandale, penye soko la nafaka, iliuonja mgao ule kwa namna yake. Malori ya mahindi, mchele na maharage kutoka mikoani yalishusha mzigo pale sokoni, na mashine za kukoboa na kusaga zilizotapakaa kuelekea Mtogole na Manzese ziliishi kwa umeme. Umeme ukikatika, gunia linalala, mchukuzi anakaa kivulini, na mama ntilie anapika kwa unga wa jana. Nchi ilikuwa imeegemea maji karibu kwa kila taa iliyowaka, na maji yalikuwa hayapo.

Njaa ya namna hiyo humfanya mtu asaini haraka. Tarehe 26 Mei 1995, miezi mitano kabla ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, shirika la umeme, TANESCO, lilitia saini mkataba wa kununua umeme kwa miaka 20 kutoka kampuni iitwayo Independent Power Tanzania Limited, IPTL. Kampuni hiyo ingejenga mtambo wa megawati 100 unaotumia mafuta mazito, pale Tegeta, wilaya hiyohiyo ya Kinondoni iliyokuwa na Tandale. Asilimia 70 ya hisa ilikuwa ya Mechmar ya Malaysia, na asilimia 30 ya VIP Engineering and Marketing ya Dar es Salaam, iliyoongozwa na James Rugemalira.

Mpaka hapo wenye mali walijulikana, na ni vizuri msomaji alikumbuke hilo kwa sababu miaka 18 baadaye halitakuwa kweli tena. Tatizo la mwanzo lilikuwa bei. Wakati ule serikali ilikuwa kwenye mazungumzo ya kuleta gesi ya Songo Songo mpaka Ubungo, mradi ambao Benki ya Dunia iliuunga mkono, na wataalamu kadhaa walionya kwamba nchi haihitaji mitambo yote miwili kwa mkupuo. Onyo halikusikilizwa. Gesi ya Songo Songo ikachelewa mpaka 2004.

Mkataba wa IPTL ulikuwa na kipengele ambacho Watanzania wamekuja kukifahamu vizuri kuliko walivyotaka. TANESCO ililazimika kulipa ada ya kuwekewa mtambo tayari, uwake usiwake. Mvua zikinyesha, Mtera ikajaa, mtambo wa Tegeta ukazimwa kwa sababu mafuta ni ghali, ada inaendelea palepale, zaidi ya dola milioni 2 kila mwezi. Ndani ya ada hiyo ilipigwa hesabu ya faida ya wanahisa, zaidi ya asilimia 22 kwa mwaka, juu ya mtaji ambao mkataba ulisema wameuweka mfukoni mwao.

Mtambo ulipokamilika 1998, TANESCO ikagoma kuupokea. Ilikuwa imeagiza injini za mwendo wa pole, ikaletewa za mwendo wa kati, ambazo ni rahisi zaidi, lakini bei kwenye karatasi ilikuwa ileile. Shauri likapelekwa kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, ICSID. Mwaka 2001 baraza likaiteremsha bei lakini likauacha mkataba uendelee kuishi. Januari 2002 Tegeta ikaanza kuuza umeme.

Kuanzia hapo hadithi inaondoka kwenye injini na kuingia kwenye makabati ya mafaili, na mtu asipokuwa mwangalifu atapotea njia. Mkopo wa kujenga mtambo ulitoka kwa mabenki ya Malaysia. Msukosuko wa fedha wa Asia ulipoyapiga mabenki hayo, deni likachukuliwa na shirika la serikali ya Malaysia la kukusanya madeni mabovu, nalo mwaka 2005 likaliuza kwa Standard Chartered ya Hong Kong kwa dola milioni 76 na ushei. Yaani benki ya Hong Kong ikawa inaidai kampuni ya Tegeta, na dhamana ya deni hilo ilikuwa mali na hisa za kampuni yenyewe. Wakati huohuo wanahisa wawili walikuwa hawaelewani. VIP ilikuwa imekwenda Mahakama Kuu tangu 2002 kuomba IPTL ifilisiwe.

Nayo TANESCO ilikuwa na lake. Mawakili wake walichimba vitabu, wakadai kwamba mtaji ule wa wanahisa, ulioleta faida ya asilimia 22, haukuwahi kuwekwa kama mkataba ulivyosema. Kama ni kweli, shirika lilikuwa linatozwa kupita kiasi kila mwezi tangu siku ya kwanza. Ndipo Julai 2006 serikali na IPTL zikakubaliana kufungua akaunti Benki Kuu. TANESCO iweke humo fedha za ada, asizichukue mtu, mpaka ijulikane nani anamdai nani. Hiyo ndiyo akaunti iliyokuja kuitwa Escrow ya Tegeta. Jina hilo la kihasibu liliingia midomoni mwa makondakta wa daladala kama vile lilikuwa jina la kituo.

Mwaka huohuo wa 2006 mvua zikagoma tena.

Juni 2006 TANESCO ikasaini mkataba mwingine wa dharura, megawati 100 zilezile, na Richmond Development Company ya Houston, Texas. Miezi ikapita, mitambo haikuonekana. Kabla mwaka haujakwisha mkataba ukahamishiwa Dowans, kampuni iliyosajiliwa Costa Rica, nchi ambayo wengi wetu tulikuwa tukiijua kwa kandanda. Mitambo ikafika Ubungo mgao wenyewe ukiwa umekwisha, na ada yake ya kila siku, shilingi milioni 152, ikawa wimbo wa kijiweni. Novemba 2007 Bunge likaunda Kamati Teule chini ya Harrison Mwakyembe. Ripoti yake, iliyosomwa Dodoma tarehe 6 Februari 2008, iliieleza Richmond kama kampuni isiyo na uzoefu, isiyo na fedha, wala usajili wa kueleweka huko ilikodai inatoka. Kampuni ya mfukoni, kwa lugha ya mtaani. Kesho yake Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, huku akilalamika kwamba kamati haikumpa nafasi ya kujieleza. Mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha wakamfuata.

Watu wengi hukumbuka siku ile kwa kujiuzulu. Mimi hukumbuka zaidi jambo lililotokea miaka 3 baadaye, ambalo lilipita kama kichekesho. Dowans ilikuwa imeshinda shauri la usuluhishi dhidi ya TANESCO mwishoni mwa 2010, na nchi nzima ikauliza: hii Dowans ni ya nani? Februari 2011 akajitokeza Dar es Salaam Brigedia Jenerali Sulaiman Al Adawi wa Oman, akakutana na wahariri, akasema mwenyewe ni yeye. Kisha akakataa kupigwa picha. Wahariri wakakubali sharti. Kwa hiyo nchi iliyotakiwa kulipa mabilioni ya shilingi ilimsikia anayeidai lakini sura yake haikuiona gazetini.

Hapo Tandale jambo la namna hiyo lisingepita. Sokoni dalali ndiye anayezungumza, anayepima, anayeshika daftari, na mnunuzi anaweza kufanya naye biashara miaka bila kumjua mkulima. Lakini mahindi yakikutwa yameloa, dalali atasema mzigo ni wa nani, atampigia mkulima simu, mnunuzi akiwa amesimama palepale, la sivyo hatauza gunia jingine siku ile. Benki Kuu na TANESCO, zenye wanasheria na wahasibu, ziliridhika na dalali.

Ushahidi wa hilo ulikuwapo hata kabla ya Richmond kuvunjika. Benki Kuu ilikuwa na akaunti ya madeni ya nje, EPA, iliyobeba madeni ya wafanyabiashara wa ng'ambo waliouza bidhaa nchini wakati ule wa uhaba wa fedha za kigeni, wasilipwe. Mlango wa ulaji ulikuwa rahisi: kampuni ya hapa inaleta hati inayosema mdai wa kule ameihamishia deni lake, nayo inalipwa. Mwaka wa fedha 2005/06 kampuni 22 zililipwa shilingi bilioni 133 kwa mtindo huo, na uchunguzi ulipofanywa, hati nyingi zikaonekana za kughushi. Kubwa lao lilikuwa Kagoda Agriculture. Kampuni hiyo ilisajiliwa mwishoni mwa Septemba 2005, na kabla mwaka haujakwisha ilikuwa imelipwa zaidi ya dola milioni 30. Desemba ya mwaka huohuo kulikuwa na uchaguzi mkuu.

Tarehe 15 Septemba 2007 mbunge wa upinzani, Dk. Willibrod Slaa, alisimama Mwembeyanga, Temeke, akasoma majina 11 ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi. Waliotajwa walikana. Januari 2008 Rais Jakaya Kikwete alimwondoa Gavana wa Benki Kuu, Daudi Ballali. Kisa cha EPA kilikuwa kimefundisha kwamba faili la kampuni si ushahidi wa mwenye kampuni. Serikali haikufundishika.

Wakati huo, aliyetaka kujua habari za kampuni alikwenda kwa msajili wa makampuni, BRELA, kwenye jengo la Ushirika, Mtaa wa Lumumba, Mnazi Mmoja. Unalipa ada ya upekuzi, unaletewa faili. Ndani kuna katiba ya kampuni, majina ya wakurugenzi, majina ya wanahisa na sanduku la posta. Kama mwanahisa ni mtu, una pa kuanzia. Kama mwanahisa ni kampuni nyingine ya hapa, unaomba faili la pili. Lakini ukikuta mwanahisa ni kampuni iliyosajiliwa kwenye visiwa vya British Virgin Islands, unafunga faili unarudi nyumbani, maana kule majina ya wenye hisa hayakuwa ya kusomwa na mpita njia. Si wewe tu. Ofisa wa serikali anayepitia zabuni alikuwa anasoma faili hilohilo, na hakukuwa na sheria iliyomlazimu mtu yeyote kumwambia zaidi.

Turudi Tegeta, ambako mlango huohuo ulikuwa unafunguliwa kwa mara nyingine, safari hii pole pole.

Mahakama ilikuwa imeiweka IPTL chini ya wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, RITA, kama mfilisi. Mechmar, kule Kuala Lumpur, nayo ilikuwa hoi. Kwa mujibu wa nyaraka zilizokuja kufika bungeni, Septemba 2010 Mechmar iliziuza hisa zake za asilimia 70 kwa Piper Link, kampuni ya British Virgin Islands, na Oktoba 2011 Piper Link ikaziuza kwa Pan Africa Power Solutions, PAP. Nyaraka zilizopelekwa mamlaka ya mapato, TRA, zilionyesha hisa zimenunuliwa mara ya kwanza kwa shilingi milioni 6, mara ya pili kwa shilingi milioni 480. Kamati ya Bunge baadaye ilieleza kwamba bei halisi ilikuwa mamilioni ya dola, na kwamba kodi ya zaidi ya shilingi bilioni 8 ilikwepwa. Hebu fikiria: asilimia 70 ya mtambo uliodaiwa kugharimu mamia ya mabilioni, kwa shilingi milioni 6, bei ambayo hapo Tandale hainunui hata kiwanja cha maana.

Nayo PAP ilikuwa ya nani? Uso wake ulikuwa Harbinder Singh Sethi, mfanyabiashara. Kwenye orodha ya wanahisa palikuwa pia na Simba Trust ya Australia, ambayo ni jina la amana, si la mtu. Amana huwekwa kwa manufaa ya fulani, na huyo fulani ndiye mwenye chakula. Faili halikulazimika kumtaja.

Agosti 2013 VIP ikauza asilimia 30 yake kwa PAP kwa dola milioni 75. Linganisha hapo: asilimia 70 kwa shilingi milioni 480, kwa mujibu wa karatasi za TRA, na asilimia 30 kwa dola milioni 75. Tarehe 5 Septemba 2013 Mahakama Kuu ikaiondoa IPTL kwenye ufilisi, ikaelekeza shughuli zake zikabidhiwe PAP, ambayo iliahidi kuwalipa wadai halali na kuupanua mtambo mpaka megawati 500. Serikali ingeweza kusema subiri kidogo, kesi yetu ya kutozwa kupita kiasi bado iko ICSID, hatujajua ndani ya akaunti ile kipi chetu kipi chao. Hakuna aliyesema subiri akasikilizwa. Wizara ya Nishati ikatia saini, Mwanasheria Mkuu akatoa ushauri wake, na kati ya Novemba na Desemba 2013 Benki Kuu ikaachia fedha. Kwa hesabu ya Kamati ya Bunge zilizidi shilingi bilioni 300.

Tarehe 1 Januari 2014 bei mpya za umeme zikaanza kutumika. Mdhibiti wa nishati, EWURA, alikuwa ameidhinisha ongezeko la wastani wa asilimia 39. TANESCO ilikuwa imeomba zaidi, ikisema hali yake ya kifedha ni mbaya. Sisemi kwamba bei ilipanda kwa ajili ya Escrow. Shirika lilikuwa na madeni mengine tele, ya mafuta na ya mitambo ya kukodi. Lakini mwenye mashine ya kusaga hapo Tandale aliyenunua LUKU wiki ile akapata uniti chache kuliko alizozoea alikuwa na haki ya kujua kwamba mwezi mmoja nyuma mabilioni ya fedha za umeme yalikuwa yametolewa, kabla ya hukumu, kwa kampuni ambayo nusu ya sura yake ilikuwa gizani.

Februari 2014 ICSID ikatoa uamuzi. Ikakubali hoja ya TANESCO: mtaji ule ulipaswa kuhesabiwa kama mkopo wa wanahisa, na ada ipigwe hesabu upya. Ushindi ulifika akaunti ikiwa tupu.

Gazeti la The Citizen ndilo lililoanza kulivumisha jambo hili mapema 2014, na bungeni aliyelishikilia ni David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi. Alizomewa, alitishiwa kushtakiwa, na Juni mwaka ule yeye na Mwanasheria Mkuu Frederick Werema nusura washikane ndani ya ukumbi. Bunge likaagiza uchunguzi wa mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, CAG, na wa taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU. Wahisani 12, nchi na mashirika, wakazuia msaada wa bajeti uliokaribia dola milioni 490, jambo lililoikera serikali kuliko hotuba zote za Kafulila.

Tarehe 25 Novemba 2014 wakili wa PAP alikwenda Mahakama Kuu kuomba mjadala usimamishwe. Mjadala haukusimama. Kesho yake, Zitto Kabwe, mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali, na makamu wake Deo Filikunjombe wa CCM, mbunge wa Ludewa, waliisoma ripoti. Ilikuwa nadra kuwaona mpinzani na mtu wa chama tawala wakipokezana karatasi moja, na majumbani na vibandani watu walikaa mbele ya televisheni kama ni fainali. Walieleza fedha taslimu zilivyotolewa benki zikabebwa kwenye mifuko na sandarusi. Walisema hawakuona uthibitisho kwamba PAP ilimiliki kihalali zile asilimia 70. Kwa maneno mengine, serikali ilikuwa imemlipa mwenye mtambo bila kuhakikisha kwamba ndiye mwenye mtambo.

Hata hivyo kilichobaki vichwani mwa watu hakikuwa Piper Link wala Simba Trust. Kilikuwa mgawo. Februari 2014 fedha zilitoka kwenye akaunti ya Rugemalira katika Benki ya Mkombozi kwenda kwa wanasiasa, majaji, maofisa na viongozi wa dini. Profesa Anna Tibaijuka, waziri wa ardhi, alipata shilingi bilioni 1.6, akaeleza kwamba ulikuwa mchango kwa shule ya wasichana aliyokuwa akiisimamia. Andrew Chenge, Mwanasheria Mkuu wa zamani, alipata kiasi kama hicho, akasema ni malipo ya kazi ya ushauri wa kisheria. Mwaka 2015 Baraza la Maadili lilipokaa kwenye ukumbi wa Karimjee, Tibaijuka akasimulia kwamba shilingi milioni 10 kati ya fedha zile alizitoa kwa ajili ya mboga. Basi. Kuanzia siku hiyo hela ya mboga ikawa na maana mpya, na vichekesho vya mboga vikasafiri kwenye simu kuanzia Mbagala mpaka Bunju.

Naona kicheko kile kiliwafaa wengine. Orodha ya Mkombozi ilikuwa na majina ya watu, kwa hiyo ilisomeka na ikachekwa. Upande wa PAP, ulikopita mzigo mkubwa zaidi, ulikuwa na majina ya kampuni na amana, na jina la kampuni halichekeshi mtu. Werema alijiuzulu tarehe 16 Desemba 2014. Tibaijuka aliondolewa tarehe 22, siku Kikwete alipozungumza na wazee wa Dar es Salaam na kueleza kwamba fedha zile zilikuwa za IPTL, ingawa ndani yake kulikuwa na kodi ya serikali. Sospeter Muhongo, waziri wa nishati, aliyekuwa ameshikilia msimamo kama huo tangu mwanzo, alijiuzulu Januari 2015. Uchaguzi wa Oktoba ukaja, na Filikunjombe akafa kwenye ajali ya helikopta siku chache kabla ya kura.

Mwaka huohuo wa 2015 Watanzania walipata somo la pembeni kutoka London. Benki ya Standard, ambayo si ile Standard Chartered ya Hong Kong, ilikuwa imesaidia serikali kukopa dola milioni 600 mwaka 2013, na katika ada ya kazi hiyo dola milioni 6 zilikwenda kwa kampuni ndogo ya Dar es Salaam, EGMA, ambayo kazi yake kwenye mkopo haikuonekana. Mwenyekiti wake, Harry Kitilya, alikuwa Kamishna Mkuu wa TRA wakati huohuo. Tarehe 30 Novemba 2015 mahakama ya Uingereza iliidhinisha makubaliano kati ya benki hiyo na waendesha mashtaka, na dola milioni 7, riba ikiwa ndani yake, zikarudishwa Tanzania. Kitilya na wenzake walishtakiwa hapa mwaka 2016, na 2020 wakamaliza kesi kwa makubaliano na kulipa. Lakini aliyeuliza kwanza EGMA ni ya nani hakuwa ofisa wa Hazina aliyesaini mkopo. Swali liliulizwa na watu wa benki yenyewe walipoona fedha zinatolewa taslimu haraka haraka.

Juni 2017, chini ya Rais John Magufuli, Rugemalira na Sethi walifikishwa Mahakama ya Kisutu kwa mashtaka ya uhujumu uchumi na utakatishaji fedha, dola milioni 22 na shilingi bilioni 309. Utakatishaji fedha ulikuwa kosa lisilo na dhamana. Wakakaa mahabusu miaka 4. Mwezi uliofuata kukamatwa kwao leseni ya IPTL ya kuzalisha umeme ikakwisha, na Tegeta ikanyamaza. Juni 2021 Sethi akamalizana na mwendesha mashtaka, akakubali kurejesha shilingi bilioni 200, akaachiwa. Septemba mwaka huo Mkurugenzi wa Mashtaka akaifuta kesi ya Rugemalira. Kwa hiyo ushahidi wote ule wa Piper Link, amana na bei mbili za hisa haukuwahi kupimwa mahakamani mbele ya umma kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Benki ya Hong Kong, ambayo ndiyo iliyokuwa inadai tangu 2005, haikuwa imelala. ICSID iliiamuru TANESCO mwaka 2016 kuilipa dola milioni 148 na riba, na mwaka 2019, katika shauri jingine lililohusu kuachiwa kwa zile fedha za Escrow, ikaiamuru serikali yenyewe kulipa dola milioni 185. Akaunti ilifunguliwa ili tusimlipe mtu asiyestahili. Iliachiwa kwa namna iliyozaa deni jipya kwa umeme uleule.

Sheria ilikuja kimya kimya. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria ya uwazi kwenye madini, mafuta na gesi, iliyodai majina ya walio nyuma ya kampuni za sekta hiyo. Mwaka 2018 BRELA ikahamishia usajili mtandaoni, na foleni ya Lumumba ikapungua. Kisha Sheria ya Fedha ya 2020 ikaongeza kwenye Sheria ya Makampuni kitu kipya, mmiliki manufaa: mtu wa nyama na damu ambaye mwishoni ndiye anayeidhibiti kampuni au kula matunda yake, hata kama jina lake halimo kwenye hisa. Kila kampuni imtaje kwa Msajili. Kanuni zikatoka 2021. Tanzania haikuamka yenyewe tu. Shirika la kimataifa la kupambana na utakatishaji fedha, FATF, lilikuwa likiibana, likaiweka kwenye orodha ya uangalizi Oktoba 2022 na kuiondoa Juni 2025. Zabuni za serikali nazo tangu 2023 zimehamia kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST.

Ni hatua kubwa, na atakayeidharau hajawahi kukaa na faili la British Virgin Islands mezani. Ila daftari la wamiliki manufaa limeandikwa kwa ajili ya vyombo vya serikali: TAKUKURU, TRA, kitengo cha udhibiti wa fedha haramu na wenzao. Mwandishi wa habari, mbunge wa upinzani asiye kwenye kamati, au mfanyabiashara aliyeshindwa zabuni na anayeshuku kwamba aliyeshinda ni binamu wa ofisa, hawana mlango wa kuingia na kupekua. Na Msajili kwa sehemu kubwa huandika kile kampuni yenyewe ilichomwambia. Kashfa ya Escrow haikuibuliwa na chombo chochote kati ya hivyo vyenye ufunguo leo. Benki Kuu ndiyo iliyotoa fedha, TRA ndiyo iliyopokea karatasi ya shilingi milioni 6, na Wizara ndiyo iliyosaini. Waliouliza PAP ni ya nani ni gazeti moja na mbunge mmoja wa upinzani, na kwa daftari hili la sasa wote wawili wangejibiwa kwamba si watu wa kuliona.